Korodani imevimba: mama anasema ngiri, duka la dawa wanasema UTI

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda Kibaha. Jumatatu nilianza kusikia kama uzito kwenye korodani ya kushoto. Jumanne ikaanza kuuma, Jumatano ikavimba kama limau, na kuna mshipa unavuta hadi kinenani. Nikikojoa nasikia moto kidogo, ila sijaona usaha. Duka la dawa wakaniambia ni UTI, wakanipa sipro vidonge sita. Nimekunywa vinne, maumivu yamepungua lakini uvimbe uko palepale, na leo ni Ijumaa. Mama anasema ni ngiri na kuna mzee ana dawa yake. Washkaji wa kijiweni wananitania kwamba nimenasa kwenye tego. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, sijamwambia kitu. Hii ni nini? Ni kiti cha pikipiki? Nimalizie dawa au niende hospitali? Na nitaweza kuzaa tena?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nenda hospitali kesho asubuhi. Usingoje wiki mpya ianze, na usimalizie hivyo vidonge viwili ukidhani ndiyo tiba. Usiku wa leo ukianza kutapika, maumivu yakipanda ghafla, au ukitetemeka kwa homa, usingoje hata hiyo asubuhi. Sasa tuzungumze.

Kuna kitu nimekipenda kwenye barua yako: umenitajia siku. Jumatatu uzito, Jumanne maumivu, Jumatano uvimbe. Wengi wenye shida ya korodani huingia na jina la ugonjwa mkononi, "daktari nina ngiri", "daktari nina UTI sugu", na ukiwauliza ilianza lini wanakujibu "ina muda". Jina linaweza kusubiri. Kinachonipa haraka ni saa. Kabla sijavaa glavu huwa nauliza: ulikuwa unafanya nini maumivu yalipoanza? Mwenye ugonjwa ninaoudhania kwako hukuna kichwa, hakumbuki, maana yalimjia kidogo kidogo kwa siku nzima au mbili. Mwenye ule ninaouogopa hukumbuka kila kitu: alikuwa amelala, ilikuwa saa tisa usiku, akashtuka kama amepigwa teke.

Ninaouogopa ni korodani kujisokota. Kila korodani inaning'inia kwenye kamba, na ndani ya kamba hiyo hupita mishipa ya damu, neva na mrija wa mbegu. Kuna wanaume ambao tangu kuzaliwa korodani zao hazikushikizwa vizuri kwenye mfuko, zinaning'inia tu kama ulimi wa kengele, kwa hiyo zinaweza kujizungusha. Ikijizungusha, kamba inajinyonga na damu haipiti. Ikifunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa 6, karibu zote hupona. Ikifika saa 12, ni kama nusu tu. Baada ya saa 24 zinazookoka ni chache sana, na kazi ya daktari hubaki kuitoa iliyokufa na kuishikiza kwa nyuzi ile nyingine isije nayo ikajisokota.

Nikiwa kwenye utarajali aliletwa mwanafunzi wa bweni, miaka 15. Maumivu yalimwamsha usiku wa Jumapili, akatapika, akaona aibu kumwambia mwalimu wa zamu. Jumatatu alipelekwa zahanati fulani, akapewa dawa za UTI. Kwetu alifika Jumatano. Tulipofungua, ilikuwa nyeusi kama zambarau iliyoiva. Ndiyo maana hata leo nikisikia mvulana anayebalehe ana korodani iliyoanza kuuma ghafla, naanza kwa kumpigia simu daktari wa upasuaji, mambo mengine baadaye. Ugonjwa huu hupenda zaidi umri wa miaka 12 hadi 18. Mzazi unayesoma hapa: mtoto akikwambia "tumbo la chini linauma" huku anatembea miguu imepanuka, mwombe akuonyeshe. Wengi huona ni afadhali kusema tumbo kuliko kusema pale panapouma.

Wewe una miaka 27, yako yalikuja taratibu, na mkojo unaunguza. Yote matatu yananielekeza kwingine. Lakini sikagui mtu kwa barua, na korodani ya mtu mzima nayo hujisokota, ila mara chache. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni mtu aikague kwa mikono yake: imepanda juu kuliko mwenzake? Imelala kwa ubavu? Ukisuguliwa paja kwa ndani, inajivuta juu kama kawaida? Mtandaoni utakutana na ushauri kwamba uinue korodani kwa kiganja: eti maumivu yakipungua si kujisokota, yasipopungua ni kujisokota. Zamani hata sisi tulifundishwa hivyo. Kipimo hicho hukosea, usikitumie kujiamulia kubaki nyumbani.

Sasa kile ninachokidhania. Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba uliojikunja, unaitwa epididimisi. Ukiunyoosha wote unafika karibu mita 6, lakini umekunjwa ukatosha kwenye nafasi ya kidole. Mbegu zinapotoka kwenye korodani bado hazijui kuogelea. Hukaa humo karibu wiki mbili zikikomaa. Mkia wa mrija huo, kule chini, unaendelea na mrija mwingine unaopanda kinenani, unaingia tumboni, na kufungukia kwenye njia ya mkojo pale ilipo tezi dume. Barabara ni moja. Mbegu hupanda, na siku kukiwa na vijidudu kwenye njia ya mkojo, navyo hushuka kwa barabara hiyohiyo. Vikifika, mrija unavimba. Hiyo ndiyo epididimaitisi.

Huanzia upande mmoja, mara nyingi chini na nyuma ya korodani, halafu hupanda. Siku mbili za mwanzo mgonjwa mwenyewe anaweza kukuonyesha kwa ncha ya kidole: "hapa nyuma ndipo, mbele hapaumi." Ukichelewa uvimbe unaimeza korodani yenyewe, ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, na huwezi tena kutofautisha kipi ni kipi. Wewe uko siku ya tano, nadhani umefika hapo. Huo mshipa unaovuta hadi kinenani ni ile kamba niliyoitaja, nayo imevimba. Wengine hupata maumivu hadi ubavuni, wakafikiri ni figo. Si ajabu: korodani zilianza kuumbwa juu kule, jirani na figo, ndipo zikashuka kabla hatujazaliwa, zikaburuta neva zao.

Ugonjwa huu hauna jina lililozoeleka mitaani, na nadhani hiyo ni nusu ya tatizo. Kisicho na jina hupewa jina la jirani. Mama yako anaita ngiri. Kwa daktari, ngiri ni utumbo kupenya kwenye tundu la misuli ya kinena. Hutokeza ukikohoa au ukinyanyua gunia, na mara nyingi hurudi ndani ukilala. Lakini mitaani ngiri ni kapu kubwa: maumivu ya kiuno yamo, mshipa umo, nguvu za kiume zimo, chango la kiume limo. Simlaumu mama. Ninachomwomba ni asikupeleke kwa huyo mzee kabla hujapimwa, kwa sababu hata kama ingekuwa ngiri kweli, ngiri iliyonasa ikagoma kurudi, huku tumbo limejaa na unatapika, ni ya upasuaji siku hiyohiyo.

Busha ni jambo lingine. Busha ni maji yanayojikusanya kuzunguka korodani, hukua kwa miezi na miaka, na kwa kawaida haliumi. Ni uzito tu na kero. Sisi wa Pwani tumelizoea kiasi cha kulitungia sababu, na ile ya kunywa madafu mengi bado naisikia hadi leo. Madafu hayana kosa. Busha letu la Pwani husababishwa zaidi na minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu na kukaa kwenye mirija ya limfu. Mwaka 2000 Tanzania ilianzia kisiwani Mafia kugawa ivermektini na albendazoli kwa watu wote, wagonjwa na wazima, ili kukata uenezaji huo; ndiyo zile kingatiba za matende na mabusha. Minyoo hiyo nayo inaweza kumletea mtu homa na kuvimba ghafla kwa kamba na epididimisi, kwa hiyo mkazi wa Pwani anayerudiwa na maumivu haya mara kwa mara aliseme hilo kwa daktari. Ila uvimbe wa siku tano unaouma, wenye mkojo unaounguza, sianzi kwa kuufikiria busha.

Na tego? Kwa asiyelijua, ni dawa ambayo mume anasemekana kumtegea mkewe ili mwanaume mwingine atakayemgusa adhurike. Nimewapokea watu waliokuja wakiamini wametegwa. Walipopimwa, wengi walikuwa na kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa yote mawili. Yaani aliyeunganisha ngono na uvimbe hakukosea sana. Alikosea tu mtegaji.

Kwa mwanaume anayeshiriki ngono ambaye hajafika miaka 35, vijidudu vinavyoongoza kwa ugonjwa huu ni hivyo viwili, klamidia na kisonono. Umesema hujaona usaha. Nakuamini, lakini hilo halikuondoi kwenye orodha. Klamidia hasa ina tabia ya kukaa kimya kwenye njia ya mkojo kwa wiki au miezi bila tone wala muwasho, halafu dalili ya kwanza mtu anayoijua ni korodani kuvimba. Kwa wazee hesabu inabadilika. Mwenye tezi dume iliyotanuka, au aliyewekewa mpira wa mkojo, mkojo wake hautoki wote, bakteria wa kawaida wa utumbo wanazaliana humo na kushuka. Bakteria hao huwapata pia wanaume wanaoingiliana kwa njia ya haja kubwa. Ukiulizwa hilo na daktari usikasirike. Hakuhukumu, anachagua dawa.

Hapo ndipo ninapogombana na sipro yako. Neno UTI limekuwa kama ngiri ya vijana: kila kinachouma chini ya kitovu ni UTI. Sipro inaweza kufaa kwa baadhi ya bakteria wa mkojo. Lakini kisonono kimeizoea sehemu nyingi duniani kiasi kwamba haitegemewi tena, na klamidia haiimalizi vizuri. Isitoshe, vidonge sita ni dozi ya siku tatu. Dawa hupenya kwa shida kwenye mrija wenye mikunjo kama hiyo, ndiyo maana tiba yake huhesabiwa kwa siku kumi, si tatu. Ulichopata ni nafuu, ukadhani umepona nusu. Vijidudu vilivyobaki ndivyo vilivyo imara zaidi.

Kuna jambo jingine kuhusu sipro ambalo muuza dawa pengine hakulifikiria. Dawa za ukoo wake zinawadhoofisha pia vijidudu vya kifua kikuu bila kuwamaliza. Na kifua kikuu hupenda epididimisi kuliko watu wanavyodhani. Hicho huja polepole, wiki hadi miezi, kwa maumivu kidogo au bila maumivu kabisa. Epididimisi inakuwa ngumu, mrija wa mbegu ukiupapasa unasikika vinundu kama shanga kwenye uzi, na mwisho ngozi ya mfuko inaweza kutoboka na kutoa usaha. Mtu kikohozi hana. Anapewa sipro, anapata nafuu, uvimbe unarudi, anapewa tena, na mwaka unaisha hivyo. Kwako si dhana yangu ya kwanza kwa sababu yako yamekuja haraka. Ila kama baada ya tiba sahihi uvimbe utagoma, au kama unatoka jasho usiku na umepungua uzito, au nyumbani kuna aliyeugua TB, lazima litajwe. Anayechunga ng'ombe au kunywa maziwa mabichi, akawa na homa za kupanda na kushuka na viungo kuuma, ataje na hilo, maana brusela nayo huvimbisha korodani. Na matubwitubwi kwa aliyekwisha balehe huweza kushuka huko siku chache baada ya mashavu kuvimba.

Kesho ukifika, hivi ndivyo mambo yatakavyokwenda, ili usishtuke. Utaulizwa kuhusu ngono: na nani, lini, kondomu ilikuwepo au la. Jibu kweli. Utavua, na daktari atakagua kwanza upande mzima ndipo aende kwenye unaouma. Kisha mkojo. Hapa kuna kosa dogo linaloharibu vipimo vingi: kwa klamidia na kisonono tunataka mkojo wa mwanzo kabisa, ule unaosafisha njia, na usiwe umekojoa kwa saa moja au mbili kabla. Mtu akipita chooni akiwa kwenye foleni, ameshaumwaga ushahidi. Mkojo wa kuotesha bakteria wa UTI ndio huchukuliwa katikati. Utapimwa pia VVU na kaswende, kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja. Kama kuna shaka ya kujisokota na mashine ipo, utafanyiwa ultrasaundi inayoonyesha damu inavyopita: kwenye epididimaitisi damu huwa nyingi kuliko kawaida, kwenye kujisokota huwa haba au haipo. Mashine ikiwa haipo na shaka ni kubwa, daktari mzuri atakupa rufaa ya upasuaji bila kusubiri picha.

Si kila kituo kina vipimo vyote hivyo, na daktari anaweza kukuanzishia tiba kwa alichokiona na kukisikia, kabla majibu hayajarudi. Hajabahatisha, kungoja ndiko kungekuumiza. Kwa mtu wa aina yako tiba inayotumika sana ni sindano moja ya seftriaksoni kwa ajili ya kisonono, pamoja na doksisaiklini mara mbili kwa siku kwa siku 10 kwa ajili ya klamidia. Kwa mzee wa tezi dume huwa dawa nyingine, kama levofloksasini. Nakuandikia majina ili uelewe utakachopewa, si ili urudi nayo duka la dawa. Sindano bila kukaguliwa ingekuwa kosa lilelile kwa bei kubwa zaidi. Doksisaiklini inywe kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, usilale papo hapo maana huunguza koo. Usiinywe na maziwa. Na kwa kuwa unashinda juani, vaa mikono mirefu: dawa hiyo huifanya ngozi iungue na jua haraka.

Nyumbani pumzika kweli, siku mbili tatu bila pikipiki. Najua hesabu ya tajiri ya kila jioni haipumziki, lakini ukipanda matutani na korodani hii utaongeza siku za kukaa bila kazi. Vaa chupi inayobana vizuri; ukilala, kunja taulo uiweke chini ya mfuko ili uinuke. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa mkupuo, husaidia zaidi kuliko kukanda na maji ya moto. Ibuprofeni hupunguza uvimbe na maumivu, ila kama una vidonda vya tumbo au figo zina shida, sema kwanza.

Ndani ya siku tatu za tiba unatakiwa uone tofauti: homa imekwisha, maumivu yamelegea. Usipoiona, rudi, usingoje dozi iishe. Inawezekana usaha umejikusanya jipu, au kijidudu si kile tulichodhani, au ugonjwa wenyewe si huu. Uvimbe wenyewe lakini huondoka taratibu, unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya vidonge kuisha, na hilo lisikutishe mradi unapungua. Kinachonitia wasiwasi ni uvimbe mgumu unaobaki palepale, hasa ndani ya korodani yenyewe, uwe unauma au hauumi. Saratani ya korodani huwapata zaidi vijana na watu wa makamo, na kuna inayoanza kwa kutibiwa kama maambukizi. Uvimbe wa namna hiyo unahitaji ultrasaundi, si dozi ya tatu.

Na ngozi ya mfuko ikianza kuwa nyeusi au ya zambarau, ikatoa malengelenge au harufu ya kuoza, maumivu yakawa makubwa kuliko kinachoonekana, basi hiyo ni nyama inayokufa. Huwapata zaidi wenye kisukari, na huenea kwa saa. Usiku wa manane au sikukuu, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mkeo. Nimemwacha hadi hapa kwa sababu nilitaka kwanza uelewe dawa. Kama ni klamidia au kisonono, naye atibiwe, na yeyote mwingine uliyelala naye ndani ya siku 60 zilizopita. Bila hivyo utapona na kuambukizwa tena kitandani kwako. Lakini usithubutu kumgawia vidonge vyako. Doksisaiklini haifai kwa mimba ya miezi mitano. Huathiri meno na mifupa ya mtoto anayekua. Yeye anazo dawa zake salama, kama azithromaisini kwa klamidia, na atazipata kliniki ya wajawazito ambako bila shaka anahudhuria. Akiachwa bila tiba, mtoto anaweza kupata maambukizi ya macho wakati wa kuzaliwa, na kwa klamidia hata nimonia katika miezi ya mwanzo.

Kumwambia ni kugumu, najua. Jambo moja linaweza kuwasaidia wote wawili: klamidia haina tarehe. Kipimo kinasema ipo, hakisemi iliingia lini wala ilikuja na nani, na anaweza kuwa nayo mmoja wenu tangu kabla hamjaoana bila dalili yoyote. Kwa hiyo majibu hayo si ushahidi wa kesi dhidi yako wala dhidi yake. Kama kuna la kukiri, hilo ni lako na yeye. Ukishindwa kuanza mwenyewe, mwombe daktari mkae wote watatu. Nimekaa kwenye vikao vingi vya hivyo. Kilichowakasirisha wanawake wengi niliowaona ni kufichwa huku mtoto yuko tumboni, kuliko ugonjwa wenyewe. Mpaka wote wawili mmalize dawa na dalili zimekwisha, hakuna tendo.

Uzazi: una korodani mbili, na moja nzima kwa kawaida hutosha. Hatari ipo ugonjwa unapoachwa ukala pande zote mbili, ule mrija wa mita 6 ukapata makovu na kuziba. Mbegu zinatengenezwa lakini hazina pa kupita. Ukitibiwa mapema na kikamilifu, nafasi yako ya kupata mtoto wa pili ni nzuri. Usikimbilie kupima mbegu mwezi huu, majibu yatakuogopesha bure, maana mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na za sasa zimepitia homa na uvimbe.

Kiti cha pikipiki nakiachia huru. Hakileti klamidia. Kugongwa au kunyanyua mzigo mzito wakati kibofu kimejaa kunaweza mara chache kurudisha mkojo kwenye mrija na kuuvimbisha bila kijidudu chochote, lakini hilo tunalifikia baada ya kuyaondoa mengine, hatuanzi nalo.

Kesho basi: amka, usikojoe kabla ya kuulizia kipimo, na ile karatasi ya sipro yenye vidonge viwili vilivyobaki usiitupe. Nenda nayo mfukoni umwonyeshe daktari, ajue ulikunywa nini na kuanzia lini.